Matundu Kwenye Kona ya Barua

Ukitaka kumpata dobi kwenye mtaa usioujua, usiulize mtu, fuata maji. Ndivyo alivyofanya Inspekta asubuhi ile. Mfereji ulitoka chini ya ukuta ukiwa na povu la bluu, ukapita mbele ya fundi viatu, ukakata kona kwenye duka la misumari, na yeye akaufuata kinyume, mikono nyuma, shingo imezama ndani ya kola ya koti. Watu walimwita Kobe kwa ajili ya shingo hiyo, na kwa mwendo wake pia. Alijua. Hakukasirika. Alisema shida ya kobe ni moja tu, akifika anakuta chai imepoa.

Mfukoni alikuwa na bahasha ya kijivu, na ndiyo iliyomtoa kituoni.

Sasa habari yenyewe ilikuwa hivi. Vita vilikuwa vimekolea, na kule mstari wa mbele kulikuwa na kijana mmoja fundi redio wa kikosi, mtoto wa nyumba hiyo ya dobi. Alioa, akakaa na mkewe kidogo tu, akaitwa jeshini. Mkewe akamwacha hapo kwa mama yake, dobi mwenyewe. Halafu siku moja akapata barua isiyo na jina la mwandishi. Ilikuwa fupi, na Inspekta alikuwa ameisoma hadi ameichoka:

"Ndugu askari, mimi ni mtu anayekutakia mema. Wewe uko matopeni, mke wako yuko chumba cha pasi. Anacheka na mpiga pasi asubuhi, anacheka naye jioni. Mama yako analia lakini hana wa kumwambia. Fanya kama mwanamume."

Basi kijana akaacha kula. Akaacha kusema. Mwisho wakamkuta anatembea peke yake kwenye barabara ya kurudi nyumbani, bunduki ameiacha imeegemea mti kama mwavuli. Kapteni wake akamfungia, akamnyang'anya barua, akamuuliza, we kijana, unaaminije barua isiyo na jina? Akajibu, "Imetoka nyumbani. Najua." Umejuaje? Hapo akafunga mdomo, hakuufungua tena. Ila kabla ya kufungiwa alikuwa ameshatuma nyumbani neno moja: nikirudi nisimkute.

Na wakati wa vita kumvunja moyo askari kwa barua ya uongo ni kosa la jinai. Ndipo Kapteni akaituma barua kwa Inspekta.

Inspekta alikuwa ameshatembea sana na bahasha ile. Haikuwa na stempu, kwa hiyo ilipita kwenye dirisha la jeshi, wanakopokea barua za bure. Dirishani hawapokei barua bila kadi ya ndugu wa askari, na nyumba hii ilikuwa na kadi moja, imetundikwa kwenye msumari, anayetoka ndiye anaichukua. Mwandiko nao alikuwa ameshaujua. Ulikuwa wa yule karani anayeandikia watu barua kwenye kibaraza cha posta, herufi zake zina mikia kama panya. Karani hakukataa.

"Mimi naandika ninachoambiwa, mzee," alisema. "Alikuja mwanamke, mtandio hadi puani, mikono imechubuka kama ya mtu wa sabuni. Karatasi hata hakuitazama. Alisikiliza tu. Nikimaliza ananiambia soma tena, na usiruke. Nikasoma hadi koo likakauka."

Mikono ya sabuni. Nyumba ile ilikuwa na wanawake watatu, wote mikono yao ni hiyo hiyo. Mama, binti yake, na mke wa askari. Na mchana huo kaka wa yule mke alikuwa anakuja na gari kumchukua dada yake. Mke akishapandishwa gari na mzigo wake, nani tena atakwenda kumrudisha? Ndiyo maana hata Kobe siku hiyo alitembea haraka kidogo.

"Hodi wenyewe."

Mama Dobi alikuwa uani, anakoroga wanga kwenye sufuria kubwa kwa mti mrefu. Hakugeuka.

"Kama umeleta, weka hapo. Kama umekuja kuchukua, hazijakauka. Kama unauza, hatununui."

"Nimekuja kuuliza, Mama."

"Hiyo ndiyo ghali kuliko zote." Akageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mbebaji. Kifuani, kwenye nguo, amechomeka sindano yenye uzi mwekundu. "Aha. Ndiye Kobe. Nilidhani mrefu."

"Nikitoa shingo narefuka. Nimekuja kwa habari ya mwanao."

Mti ukasimama kwenye sufuria, halafu ukaendelea.

"Mkewe yuko ndani anafunga mzigo. Mimi sijamfukuza, andika hivyo. Mwenye mke ndiye aliyesema. Mimi nani? Mimi napika wanga."

"Barua za mwanao zinakuja kwa jina la nani?"

"La nani mwingine! La mkewe. Eti kwa kuwa ndiye anajua kusoma haraka. Binti yangu naye anajua, lakini yeye hakuandikiwa hata bahasha. Mimi ndiyo kabisa, vitabu vilinipita mbali. Basi Jumapili tunakaa hapo kwenye benchi kama wagonjwa, yeye anatusomea. Kwanza 'mke wangu mpenzi.' Halafu hali ya hewa. Halafu anauliza mbuzi hajambo? Halafu, mwisho wa mwisho, 'mnisalimie mama.'" Akagonga mti ukingoni mwa sufuria. "Baada ya mbuzi, Inspekta. Nimembeba tumboni, nimembeba mgongoni, nafuata baada ya mbuzi."

"Mbuzi alikuwa mgonjwa labda."

"Mbuzi ni mzima kuliko wewe." Akashusha sauti. "Na kuna mahali anaruka. Anasoma, anasoma, anafika mahali ananyamaza, macho yanatembea, mdomo umefungwa. Anacheka peke yake. Halafu anaendelea kwingine. Nikimuuliza mbona umeruka, ananiambia hapo panamhusu yeye tu. Panamhusu yeye! Kalamu yenyewe mwanangu nilimnunulia mimi alipokwenda shule."

Inspekta akatikisa kichwa kwa upole. Akaomba kuona chumba cha pasi.

Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja na joto la kutosha vyumba vitatu. Mpiga pasi alikuwa kijana mwembamba, kifua wazi, wanamwita Makaa. Pasi yake ilikuwa ile ya chuma yenye tumbo la makaa, ukiipepea inatoa cheche kama imekasirika.

"Wewe ndiye mwizi wa wake za watu?" Inspekta akamuuliza.

Makaa akaweka pasi chini. "Mzee, hapa ndani soksi zinapotea kila wiki, na bado hakuna aliyenishika hata na soksi moja. Nitaiba mke mzima?"

"Lakini mnacheka pamoja."

"Tunacheka. Ukikaa kwenye joto hili usipocheka unaiva. Ananihadithia vituko vya mumewe, mimi namhadithia vyangu."

"Vyako na nani?"

Makaa akachungulia dirishani, akaona hakuna mtu karibu, akaelekeza kidole kwenye kamba za nguo huko nje, ambako miguu ya msichana ilionekana chini ya mashuka. "Na yule. Dada wa askari. Nimemwomba ushauri wifi yake, namna ya kumwingia. Yule ana ulimi, mzee, unaweza kukunyoa. Tafadhali usimwambie."

Inspekta akasogea dirishani. Alitoa bahasha, akayaficha maandishi yake kwa kiganja, akaielekeza kona yake moja kwenye mwanga wa dirisha. Hapo palikuwa na vitundu vidogo vidogo, vinne vimekaa kama pembe za mraba, na kimoja katikati. Alipoitoa karatasi ya ndani na kuiweka juu yake, vitundu vilikuwa vile vile, kona ile ile. Alikuwa ameviona tangu siku ya kwanza. Alidhani ni pini ya karani, lakini karani hatumii pini, anatumia gundi. Sasa alipoiona pasi ikitema cheche alihisi labda amefika.

"Hebu pepea hapo, juu ya gazeti."

Makaa akapepea. Cheche moja ikaruka, ikaanguka kwenye gazeti, ikala kitundu. Inspekta akainama hadi pua ikagusa. Kitundu cha cheche kilikuwa na ukingo wa kahawia, umekunjamana. Akarudi kwenye bahasha. Vitundu vya bahasha vilikuwa safi, ukingo mweupe, na upande wa nyuma vimesukumwa nje kidogo kama chunusi.

"Si moto," alisema.

"Nimepona?"

"Kwa hili umepona. Kwa yule mwenye ulimi, jitahidi mwenyewe."

Akatoka, akaingia kwenye mashuka. Ukipita kati ya mashuka yaliyolowa ni kama umeingia nyumba yenye kuta zinazokupiga makofi. Wifi alikuwa katikati ya hayo, vibanio mdomoni, amenuna. Ni dada wa askari, na ukimwangalia pua unamwona mama yake.

"Najua umekuja kwangu," akasema, vibanio vikidondoka kimoja kimoja. "Kwa kuwa simpendi wifi yangu. Mtaa mzima umeshakwambia."

"Mtaa haujaniambia kitu. Unaniambia wewe."

"Basi ndiyo, namwonea wivu, na wivu si kosa la polisi. Kaka alipopata likizo ya kwanza alimletea kitambaa cha hariri. Unajua mimi aliniletea nini? Sega. Sega, Inspekta! Kama mtu aliyeambiwa nywele zako hazitazamiki. Na huko ndani wanacheka na yule... na yule mpiga pasi, kuanzia chai hadi jioni. Wana nini cha kucheka hivyo?"

"Wewe inakuuma nini wakicheka?"

Akaokota kibanio. Masikio yamebadilika rangi. "Hainiumi. Nani kasema inaniuma?"

"Uliandika barua hii?"

Alipoitoa tu, binti akainyakua mkononi mwake. Hakungoja kusomewa. Macho yake yalipita juu chini, juu chini, haraka, na alipofika mwisho aliirudisha kana kwamba imemchafua vidole.

"Ushenzi huu. Na mwandiko wenyewe wa kununua! Mimi ningetaka kumsema wifi kwa kaka yangu nimlipe karani wa nini? Mwandiko wangu mzuri kuliko wake. Na ningeweka jina langu chini, kwa herufi kubwa, nipate raha."

Inspekta akacheka kidogo puani. Mtu anayejua kusoma ukimpa karatasi ataitazama. Hawezi kujizuia. Yule wa kibarazani karatasi haikumtamanisha hata kidogo. Alitaka sauti.

"Kaa hapa hapa na mashuka yako," alimwambia. "Ulichosoma usimwambie mtu hata neno, hadi nikuite. Nyumba nzima wamesikia kuna barua, lakini maneno yake hakuna aliyeyasikia isipokuwa wewe sasa."

"Mimi nikinyamaza nitapasuka."

"Pasuka kimya kimya."

Chumba cha mke wa askari kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kitanda kimeshaondolewa mashuka. Mzigo katikati ya sakafu, umefungwa fundo kubwa, na yeye anajaribu kufunga wa pili. Alikuwa na macho ya mtu aliyemaliza kulia jana yake.

"Umekuja kuniuliza kama ni kweli," akasema.

"Sijakuja kwa hilo. Makaa ameshanijibu, bila kujua."

Hapo aliketi kitandani. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo na akaambiwa unaweza kuitua.

"Basi unauliza nini, mzee?"

"Barua za mumeo ziko wapi?"

"Ndani ya foronya ile. Lakini sikupi. Samahani. Zina mahali..."

"Pa kuruka."

Akainama. "Mama amekwambia. Si kwamba nawaficha. Ni mambo ya mtu na mkewe, nitayasomaje mbele ya mama mkwe, na wifi amenikodolea macho? Kila Jumapili najiandaa, nasema leo nitapita hapo kwa uso mkavu. Nikifika nacheka. Kosa langu ni hilo tu, nacheka."

Inspekta akasogea hatua moja. Alikuwa akitazama mzigo wa pili, ambao haujafungwa vizuri. Juu yake palikuwa na shati la kiume la zamani, kola imelegea. Nyuma ya kola, ndani, palikuwa na kitu chekundu.

"Hilo shati la nani?"

"La kwake. Nilitaka angalau hilo..."

"Naomba niligeuze kola."

Sasa hapa nikueleze kidogo, maana kama hujawahi kukaa na madobi hutajua. Dobi akipokea nguo za nyumba ishirini, zote nyeupe, zote zinaingia sufuria moja, atajuaje hii ya nani? Anatia alama ya uzi kwenye kola, ndogo, mahali pasipoonekana. Mwokaji mikate ana vistari vitatu. Daktari wa meno ana pembe. Na wenye nyumba nao wana alama zao, zisije nguo zao zikaenda kwa daktari wa meno.

Kwenye kola ya shati palikuwa na msalaba wa uzi mwekundu, na katikati ya msalaba fundo dogo.

Inspekta akaweka kona ya bahasha juu yake, polepole. Pembe nne za msalaba zikakaa juu ya vitundu vinne. Fundo likakaa kwenye kitundu cha katikati.

Mke wa askari alikuwa amesimama bila kujijua.

"Nani anatia alama hizi?" Inspekta aliuliza.

"Mama. Mama peke yake, haruhusu mtu mwingine. Msalaba na fundo ni wa mume wangu tangu mtoto. Mimi nilipoolewa alinitilia mstari mmoja wa bluu. Nikamwomba na mimi msalaba, tufanane. Akasema wewe mgeni, ngoja kwanza." Akaketi juu ya mzigo wake mwenyewe. "Mzee... alama hiyo inafanya nini kwenye bahasha?"

"Ndiyo iliyomwambia mumeo kwamba barua imetoka nyumbani. Ndiyo maana aliamini. Na ndiyo maana Kapteni alipomuuliza umejuaje, akanyamaza. Angejibu angemtaja mama yake."

Akamwambia achukue kalamu na karatasi, amfuate uani.

Mama Dobi alikuwa ameepua sufuria. Inspekta alivuta benchi ile ya Jumapili, akaketi, akavaa miwani. Wifi akatokeza kichwa kati ya mashuka. Makaa akasimama mlangoni na pasi yake mkononi, kwa sababu alisahau kuiweka.

"Mama," Inspekta akasema, "barua yenyewe hamjaisikia hapa nyumbani. Ni haki yenu. Nitawasomea."

"Soma," akasema Mama Dobi. Alikaa mwisho wa benchi, sikio moja limetangulia.

"'Ndugu askari, mimi ni mtu anayekutakia mema. Wewe uko matopeni, mke wako yuko chumba cha pasi.'"

"Uongo!" akasema Makaa.

"Nyamaza wewe," akasema Mama Dobi.

"'Anacheka na mpiga pasi asubuhi, anacheka naye jioni.'" Inspekta alivuta pumzi, akaendelea kwa sauti ile ile ya kituoni. "'Fanya kama mwanamume.' Basi, imeishia hapo."

"Umeruka," akasema Mama Dobi.

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye shuka, likasikika.

"Nimeruka nini, Mama?"

"Hapo kabla ya mwisho. 'Mama yako analia, lakini hana...'"

Hakuimalizia. Mkono wake ulipanda kifuani, ukashika sindano yenye uzi mwekundu, ukabaki hapo.

Inspekta akavua miwani. Aliweka bahasha kwenye benchi kati yao, na kando yake shati, kola imegeuzwa. Hata wifi aliyesema atapasuka, hakupasuka.

Mama Dobi alipitisha kidole juu ya alama.

"Zilikuwa bahasha mbili," akasema mwishowe. "Za kijivu zote, jeshi linatoa za aina moja. Moja ile ya familia, ambayo huyu anaandika na sisi tunaongeza salamu. Moja ya karani. Nilizificha mahali pamoja, chini ya taulo za hoteli. Mimi bahasha zote kwangu ni bahasha, Inspekta. Nikaogopa, nisije nikampa huyu ile ya karani nikamwambia ongeza maneno yako. Nikaitia uzi. Dirishani nikauchomoa. Wala sikufikiria alama gani. Ni ya kwake, mkono ukaweka ya kwake."

"Mama," akasema wifi kwa sauti ndogo.

"Nini? Wewe mwenyewe kila siku 'sega, sega.'" Alimgeukia mke wa mwanawe, na macho yalikuwa makali bado. "Nilitaka aone kwamba nipo. Ni hilo tu. Nikasema akisikia mama analia, ataandika, 'mama, unalia nini?' Ataanza na mimi. Ataanza na mimi mara moja! Badala yake kaandika usiwepo. Hata hapo, amekutaja wewe."

Mke wa askari alikuwa amesimama na kalamu yake.

"Miezi yote hii nakupikia, nakufulia, nakusugua mgongo. Ulikuwa ukinitazama nafunga mzigo."

"Nilikuwa nakutazama."

"Na ungeniacha nipande gari."

Mama Dobi akaokota mti wake wa kukorogea. Alisema kitu kingine, kwa ukaidi, kama mtoto anayedai haki yake hata akiwa amekosa. "Na wewe hukunisomea. Unaruka nini pale?"

Mke wa askari alimtazama mama mkwe, akamtazama Inspekta. Halafu akaingia ndani, akarudi na foronya. Alitoa barua moja, akatafuta mahali. Alisoma kwa uso mkavu, na safari hii hakucheka.

"'Nikivua buti jioni nakumbuka ulivyonicheka vidole vyangu siku ya kwanza. Ukasema vidole hivi vimepangwa na mlevi. Nawaonyesha wenzangu, wote wanakuunga mkono.'"

Akaikunja barua.

"Halafu?" akauliza Mama Dobi.

"Halafu basi. Nyingine zote ni hivyo hivyo. Vidole, ninavyokoroma, siku niliyomwagia wanga suruali yake."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mama."

"Nimekosa usingizi kwa ajili ya vidole?" Alijifuta uso kwa mkono uliolowa mvuke. "Vidole vile ni vya baba yake. Mimi ndiye niliyevicheka kwanza."

Makaa alikohoa mlangoni. Wifi akamkazia macho, halafu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akaacha kumkazia.

Inspekta akasimama. "Sheria itakuwa na siku yake, Mama, sitakudanganya. Nitaandika ripoti na hakimu atasema lake. Lakini kijana yuko ndani, na Kapteni anangoja jibu. Mimi nikimwandikia hataamini, nani ataamini polisi. Mke akimwandikia hataamini, ndiye anayeshtakiwa. Anaamini kitu kimoja tu duniani." Akagusa kola ya shati. "Sasa hicho kitu kibebe ukweli."

Nje gari lilipiga honi. Kaka wa mke aliingia, mtu mkubwa mwenye funguo mkononi, akauliza mzigo uko wapi.

"Kaa," Mama Dobi akamwambia.

"Nimeambiwa nije..."

"Kaa. Na usikanyage mashuka."

Akakaa.

Mke wa askari aliweka karatasi kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake. Mama Dobi akasema, yeye amesimama, mikono kiunoni, na ilikuwa ngumu kuliko kukamua mablanketi.

"Andika kwamba karani mmoja huko posta..."

"Mama," akasema Inspekta.

"Basi. Andika mimi. Andika, ile barua niliisema mimi kwa mdomo wangu, na ni ya uongo. Wivu ulinishika. Umeandika wivu?"

"Nimeandika."

"Ungeweza kuandika neno zuri zaidi. Haya. Andika mke wako yupo, na hajafanya kosa lolote. Andika ananisugua mgongo. Andika nilikuwa na wewe mtoto mmoja wa kiume, na sasa nina binti wawili, na mmoja wao nilitaka kumtupa, na hakunitupa mimi. Andika mbuzi hajambo." Akafikiri. "Umeianza vipi?"

"'Mwanangu mpenzi.' Ni barua yako, Mama."

Mama Dobi akageuka upande wa sufuria, akakoroga wanga uliokwisha kuiva.

Karatasi ikaingia kwenye bahasha ya kijivu. Mama Dobi akachomoa sindano kifuani, akaisukuma karatasi pembeni, akapitisha uzi mwekundu kwenye kona ya bahasha, msalaba na fundo, akakata kwa meno. Safari hii uzi uliachwa mahali pake. Halafu, chini ya msalaba, bila kumtazama mtu, akabadilisha uzi, akaweka mstari mmoja wa bluu.

Inspekta alinyoosha mkono kuipokea, lakini Mama Dobi akaikumbatia.

"Haijafungwa bado. Aisome kwanza, yote."

Mke wa askari akaitoa, akasoma. Akasoma uongo, akasoma wivu. Akafika mahali, sauti ikapotea kidogo, macho yakatembea, akaendelea, "'...ananisugua mgongo. Mbuzi hajambo.'"

"Umeruka," akasema Mama Dobi.

"Mama, hapo panani..."

"Najua panamhusu nani. Rudi hapo kwenye binti wawili. Soma, na kaka yako asikie."